Barua Mbili Nilizozitupa Mtaroni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila msimu wa mvua inanirudia, mwaka wa hamsini na ngapi sasa, na ikinirudia chakula hakishuki. Weka simu hiyo chini kwanza. Najua unachokitazama. Tangu India na Pakistani zirushiane mabomu tena, huli bila kuangalia nani kapiga na nani kapigwa. Na jana ulinijia kifua mbele ukaniambia kwamba wewe na wenzako wa chuoni Kasapa mmekubaliana: hakuna Mwislamu wa mtaa huu atakayenunua dawa kwa yule Mhindu wa kwenye kona. Ulidhani babu yako atakupongeza kwa kuwa naye anaswali. Nilinyamaza. Ukaenda ukijua nimekubali, kumbe nilikuwa natafuta pa kuanzia. Basi leo kaa usikie, na chai yako ikipoa shauri yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani, nimeoa juzi tu. Baba yangu alitoka Kasongo huko Maniema, akaniachia dini na hiyo cherehani, basi. Nilikuwa naiweka barazani, hapa mjini Lubumbashi, katikati ya maduka mawili ya vitambaa. Ndivyo tulivyofanya kazi wakati ule: mteja ananunua kitenge ndani, anatoka, anakukuta nje na futi shingoni, unampima palepale. Duka la kulia lilikuwa la Muzee Ismaili, Mwislamu wa Pakistani. La kushoto lilikuwa la Muzee Lachman, Mhindu wa India. Nilishonea wateja wa pande zote mbili na nilikula kwa pande zote mbili. Kwa Ismaili nilikula nyama. Kwa Lachman nilikula dengu, na siku mke wangu akiniletea bukari, ugali wetu, na samaki wa kukauka wa Pweto, Lachman alifunga pua na kitambaa, akaniambia nihame na cherehani yangu mpaka Kasumbalesa, kule mpakani. Tulicheka sana na mzee yule.

Lakini mapenzi yangu yalikuwa kwa Ismaili. Nilipooa yeye ndiye alitoa kitambaa cha bibi harusi, akasimama mahali pa marehemu baba yangu. Aliniita mwanangu. Nami kwa ujinga wa ujana niliona mtu akikupenda hivyo, dawa ya kumlipa ni kumchukia unayedhani anamchukia.

Wazee hao wawili walikuwa na sanduku moja la posta, limeandikwa jina la Lachman. Hawakuweza kuacha maduka, kwa hiyo ufunguo niliuvaa mimi shingoni, na kila asubuhi nilikwenda posta kuchukua barua za wote wawili. Kwa nini sanduku moja sikuuliza. Nilidhani ni ubahili wa Wahindi, maana sisi hapa wote tuliwaita Wahindi, hatukujua tofauti. Usilolijua ni kama usiku wa kiza.

Ngoja nikwambie nisilolijua wakati ule, ili usipotee kama nilivyopotea. Watu hao walizaliwa katika nchi moja, kabla haijakatwa vipande viwili. Ilipokatwa, Waislamu wakakimbilia huku na Wahindu wakakimbilia kule, wakichinjana njiani. Lachman ni Mhindu, lakini mji aliozaliwa uliangukia Pakistani; nyumba yao ilichomwa, wakatoka na nguo za mwilini. Ismaili ni Mwislamu, lakini mji wao uliangukia India. Kaka yake aliuawa katika fujo zile. Yeye akakimbilia Pakistani, akapata pasipoti ya huko, kisha akaja Kongo. Mama yake alikataa kuhama. Alisema mume wake na mtoto wake wamezikwa pale, yeye aende wapi? Basi mama akabaki India, mtoto hana ruhusa ya kuingia, na barua yenye jina la Mwislamu wa Pakistani huko ilikuwa inafunguliwa, mara nyingine haifiki kabisa. Ndipo Lachman akasema mama aandike kwa jina lake. Barua inatoka India kwa Mhindu wa Lubumbashi, nani ataishuku? Na majibu Lachman aliyaweka ndani ya bahasha yake, akayatuma kwa mdogo wake Bombay, naye akampelekea bibi kizee. Miaka yote hiyo Mhindu alikuwa mdomo wa Mwislamu kwa mama yake. Mimi mwenye ufunguo sikuambiwa. Siri ya mama haitangazwi barazani.

Kisha vita ya India na Pakistani ikaja. Tuliisikia kwenye redio, mwezi wa kumi na mbili, mvua haikati. Siku ya pili yake niliona wazee wangu hawasalimiani. Ismaili anafungua mlango, Lachman anageuza uso. Chai ya saa nne kila mtu kwake. Baadaye nilijua sababu: watu wa jamaa ya Lachman walimwambia akisalimiana na Mpakistani, binti yake hataolewa na yeyote kati yao, na jamaa ya Ismaili walimwambia maneno yaleyale. Wakakata salamu za mbele. Mlango wa nyuma, uani, haukufungwa hata siku moja. Lakini cherehani yangu ilitazama barabara, na nilichokiona ndicho nilichokiamini.

Msikitini vijana tulichemka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona nchi hizo, hata kwenye ramani tungezitafuta mpaka jioni. Lakini tulizipigania kwa mdomo kutoka adhuhuri mpaka alasiri, na nikitoka pale najiona askari. Wazee wetu walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi jembe sikuchukua.

Wiki ile nilifungua sanduku nikakuta barua moja, ile karatasi ya bulu inayojikunja yenyewe ikawa bahasha. Stempu ya India, jina la Lachman. Nikasema moyoni, huyu anapata habari za ushindi wao, na Muzee wangu hali wala hanywi. Nikaipasua mara mbili, nikaitupa kwenye mtaro mbele ya posta. Maji yalikuwa mengi, yakaichukua. Nilirudi barazani napiga mluzi. Siku kama kumi baadaye ikaja nyingine, bulu vilevile, mwandiko uleule, nikaifanya hivyohivyo. Mwanangu, sikujisikia vibaya hata kidogo. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Vita ikaisha, upande wa Ismaili ukashindwa. Nilimwona anakonda. Kila nikitoka posta aliniuliza kuna nini leo, nami nilimwambia hakuna. Nikadhani anaililia nchi yake. Ikanipata huruma, nikataka kumpa kitu cha kumfurahisha. Asubuhi moja nikaingia dukani, alikuwa anampimia mtu kitambaa, nikangoja mteja atoke. Kisha nikamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta zawadi, kwamba nimemkomesha Lachman, barua zake mbili za kutoka India nimezipasua na kuzitupa.

Hakupiga kelele. Aliweka mita ya mbao juu ya meza.

"Ilikuwa rangi gani?" akaniuliza.

"Ya bulu, Muzee."

"Yote mbili?"

"Yote mbili."

Akatoka. Akapita mbele ya cherehani yangu, akaingia duka la Lachman kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, watu wa jamaa zote mbili wanaona. Sikusikia walichosema, walisema kwa lugha yao. Nilichoona ni wazee wawili wanatoka mbio, watu wa miaka hamsini na kitu, mmoja hakufunga hata duka, wanaelekea posta. Nikawafuata. Walipofika kwenye mtaro wakakunja suruali wakaingia. Ndani ya maji machafu yale, mwanangu. Lachman, mtu ambaye harufu ya samaki ilimfukuza barazani, alikuwa anachota tope kwa mikono miwili, anapekua matakataka ya mji mzima, na Ismaili hatua mbili mbele yake anafanya vilevile. Wiki zilikuwa zimepita. Mvua ngapi zilikuwa zimenyesha? Hakuna karatasi inayongoja hivyo, na wao walijua. Watu walisimama kutazama, wengine wakacheka, wakauliza Wahindi hawa wamepoteza dhahabu? Mimi nilisimama ukingoni na ufunguo shingoni, na ndipo nilipoanza kuelewa, kidogokidogo, kwamba barua zile hazikuwa za Lachman.

Siku hiyo hiyo Lachman alipeleka simu ya maandishi kwa mdogo wake Bombay. Jibu lilikuja baada ya siku tano. Bibi kizee alikuwa amezikwa siku kumi na moja nyuma. Baadaye ikaja barua ya huyo mdogo mtu, ameandika aliyoambiwa na majirani. Mama alishikwa na kifua kabla ya vita kuanza. Aliandikisha barua ya kwanza kumwambia mtoto wake naumwa, nijibu. Hakujibiwa. Vita ilipoanza akaandikisha ya pili. Ndani yake alisema kama umenikasirikia kwa sababu nilibaki nchi hii, basi niandikie neno moja tu, hata la kunitukana, nikupe radhi yangu moyo wangu ukiwa mweupe. Kila asubuhi alikuwa anauliza kama mtu wa posta amepita. Alikufa akiamini mwanawe wa pekee aliyebaki amemkatalia jibu kwa ajili ya vita.

Radhi ni bora kuliko mali. Sisi tunalisema harusini, tukicheka. Mimi niliikata radhi ya mama na mtoto kwa mikono hii unayoiona.

Ismaili aliweka matanga bila maiti, palepale dukani kwake. Lachman akaja, kichwa amefunika kwa kitambaa cheupe. Watu wa jamaa ya Ismaili wakamzuia mlangoni, wakasema humu inasomwa Kurani. Hakubishana. Alikaa barazani kwenye kiti changu cha fundi, siku zote tatu, tangu kisomo kinaanza mpaka kinakwisha, mvua ikimrushia miguuni. Siku ya tatu aliniita. Nilipiga magoti.

"Simama," akasema. "Unielezee tu. Juu ya nini ulifanya vile?"

Nikamwambia nilidhani wao ni maadui.

Akasema maneno ambayo ningeweza kuyasoma usingizini: "Kule kwetu Baislamu balichoma nyumba ya baba yangu. Kule kwao Bahindu baliua kaka yake. Shiye tulikuwa na sababu, na tulichoka nayo, tukaiacha. Weye balikufanya nini? Nani alikutuma utuchagulie adui?"

 

Nilikwenda kwa Ismaili kuomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono, akanivua ufunguo shingoni taratibu bila kunikwaruza. "Mi nimekusamehe," akasema. "Lakini mama yangu alikufa hajui." Hakunifukuza barazani. Kazi aliniletea kama zamani, salamu alinipa. Lakini tangu siku ile aliniita fundi, kama wateja walivyoniita, na kila akiniita hivyo nilikumbuka. Miaka michache baadaye serikali ikachukua maduka ya wageni, wote wawili wakaondoka na masanduku yao, Lachman njia yake, Ismaili njia yake. Sijui walizikwa wapi. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wewe mjukuu umekaa hapa mbele yangu unafuta macho. Futa, si aibu.

Sasa nasaha yangu ni hii, uishike. Ugomvi wa watu wengine usiuvae kama shati. Wenye nao wanajua ulipoanzia, wanajua pia mlango wa nyuma uko wapi. Wewe unaona mbele tu, tena kwenye kioo kidogo cha simu. Kabla hujamchukia mtu kwa niaba ya mwingine, nenda kamuulize huyo mwingine kama amekuomba. Na mtu akikwambia dini yako inataka umdhulumu jirani, mwambie babu yangu alilijaribu hilo, akakosa hata wa kumwomba radhi, maana alikuwa kaburini. Kesho asubuhi utakwenda kwa yule muuza dawa. Sikutumi ukanunue. Utamwambia ulichosema juu yake na kwa nani, na utawarudia wenzako uwaambie vilevile. Atakutukana pengine. Vumilia, akutukane, mshukuru Mungu ana mdomo wa kutukana.

Njoo karibu nikuwekee mkono. Mungu akulinde na ushujaa usiotumwa na mtu. Akufiche aibu yako, akutengenezee ulimi wako. Na kila utakayemkosea duniani, mwanangu, kwa maana utakosea tu, Mungu ambakishe hai mpaka utakapofika mlangoni kwake kumwomba radhi. Amina.