Bisha!

Nimezaliwa Mombasa, na kwa hilo tu watu wa huku Minneapolis wananiona baharia. Ukweli ni kwamba bahari naijua hadi magotini, na kivuko cha Likoni kilikuwa kikinitia kichefuchefu hata kabla hakijaondoka. Lakini sifa nimepewa bure, nami nilizipokea kwa mikono miwili.

Binti yetu wa miaka tisa alikuwa amezama katika mfululizo wa vitabu vya zamani, vya watoto wanaokwenda likizo ziwani na kuendesha mashua za matanga bila wazazi. Mtoto huyu Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na jambo hilo linaniuma kuliko ninavyokubali mbele za watu. Basi nikawa namsomea vitabu vile kwa Kiswahili, nafasiri papo hapo, kwa madaha. Nahodha akitaka mashua igeuzwe kuukabili upepo, nilinguruma, "Bisha!" Neno la mabaharia hasa. Mtoto alicheka kila nikifika hapo, nami nikajiona bingwa.

Kiangazi mwenzangu wa kazini akatuazima mashua yake ndogo. Alisema mtu wa pwani hahitaji maelekezo. Kwa kichwa changu kikubwa, sikuomba.

Upepo ulitupeleka katikati ya ziwa kwa hiari yake. Kurudi ndiko kulikonishinda. Nikamkabidhi binti kamba ya tanga, nikanguruma, "Bisha!"

Akanitazama. "Really?"

"Bisha, mama, bisha!"

"Haya. Baba, wewe hujui ku-sail. Hiyo life jacket umeivaa nyuma mbele. Na ulimwambia Mama unajua, na mimi nimelowa, na nina njaa!"

Kumbe neno lile alilijua kwa mama yake tu, anayemwambia "usibishe" asubuhi hadi jioni. Muda wote ule aliamini nahodha wa kitabuni anawaamuru watoto wabishane naye, ndiyo maana akampenda.

Nilipaswa kuona haya. Badala yake nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Sentensi nzima nzima, kwa Kiswahili, na zote za kweli.

Tukakwama kwenye matete. Mwenye mashua, aliyekuwa akitungoja, akapaza sauti kutoka gatini, akiuliza kama tunataka msaada. Nikampungia mkono asubiri. Binti yangu alikuwa hajamaliza.