Kiapo cha Watu Sita Bandarini

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa korosho, mwanangu, nimeshusha gunia la mwisho katika Bandari ya Mtwara, nikatoka mbio bila hata kunawa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijamaliza mwaka tangu nitoke kijijini kwetu Mahurunga, na damu ilikuwa inanichemka. Nilikuwa mtu wa siri. Wapakizi sita tulikuwa tumekula kiapo.

Wazo nililitoa kwa Mzee Limu, Mchina aliyenunua majongoo ya pwani, akayachemsha, akayaanika na kuyapeleka ng'ambo. Alikuwa ameoa kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kimakonde zaidi kuliko changu. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba zamani kwao watu waliunda vyama vya siri ili kumwangusha mfalme wa ukoo wa kigeni. Mwanachama mpya alipita chini ya panga zilizoinuliwa, akaapa kufa na ndugu zake. Wachina walipokwenda Malaya kuchimba madini ya bati, vyama vikaenda nao. Mgeni aliyeshuka melini hana mtu alipewa pa kulala; akiugua aliuguzwa, akifa alizikwa. Walitambuana kwa jinsi walivyopanga vikombe vya chai mezani. Nilisikiliza, mwanangu, nikasahau njaa!

Basi nikawapelekea wenzangu. Tulizungusha kikombe kimoja cha chai, tukaapa. Mgahawani, mwenzako akikufunikia kikombe, maana yake njoo nyuma ya ghala. Tulijiona wakubwa kuliko meli.

Kisha msimamizi akagundua kwamba huwa tunalala kwa zamu kati ya magunia. Mkwanda, kiongozi wetu, akasema aliyetuchongea ni Fidelisi, kijana Mkristo kutoka Tabora, mmoja wetu sita. Hakuna aliyeuliza amejuaje. Niliambiwa nimfunikie kikombe siku hiyo hiyo. Wao wangemngoja na magongo.

Ndiyo maana nilikuwa nakimbia. Nilitaka kumuuliza Mzee Limu wenzake walimfanyaje msaliti. Naona haya kukwambia, lakini nilikwenda kwa furaha.

Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Akaacha kukoroga sufuria. Akanieleza yale aliyokuwa hajanieleza: kwamba huko Malaya vyama viligeuka, vikapigania migodi na nyumba za kamari, vikawatoza wanyonge, ndugu wakauana. Halafu akasema polepole, "Nilikuwa na rafiki, tulisafiri meli moja kwenda Malaya. Wakasema ametusaliti. Mimi ndiye niliyempangia vikombe. Akaja, kwa sababu aliniamini. Baadaye tukajua hakuwa yeye."

Nikamuuliza kwa nini hakurudi kwao.

"Mama wa yule rafiki ni jirani yetu huko kwetu," akasema.

Mwanangu, nilikimbia tena, safari hii kwa hofu. Nilimkuta Fidelisi mgahawani anakula. Nikamwambia yote, waziwazi. Nilidhani atatoroka; akasimama, akasema, "Twende wote."

Nyuma ya ghala nikawauliza wenzangu, "Nani alimsikia akisema?" Mkwanda akanipiga gongo la bega, nikaanguka. Lakini alipoinua mara ya pili, wengine watatu walimshika. Aliondoka bandarini msimu huo. Na msimamizi, tulipomuuliza, alicheka: alituona mwenyewe, akiwa juu ya lori.

Sisi watano tukaanzisha chama kingine, cha kufa na kuzikana, mlango wazi kwa yeyote. Mwanachama wetu kutoka kijiji cha Kitaya alipofariki, Fidelisi alikuwa wa kwanza kushika jeneza, nami bega likiniuma nikashika upande wa pili. Sijawahi kujivunia jambo kama siku ile.

Nasaha yangu ni hii. Kuwa na wenzako, tena wapende sana. Utu uzima bila wenzako ni mzigo. Lakini ukiambiwa umdhuru mtu kwa sababu tu mmeapa, uliza ushahidi, uliza mbele ya watu, na huyo mtu mwenyewe awepo. Wakikataa, ondoka, na kiapo uwaachie. Mungu akupe marafiki wa kweli, akupe ulimi wa kuuliza wakati wengine wamenyamaza, na nyumba yako isikose wageni. Amina.