Bodi Niliyoiosha kwa Chang'aa

Nakumbuka siku moja nilipoingia Bungoma juu ya baiskeli ya kaka yangu, mwanangu, magoti yakiwa mekundu kwa vumbi na masikio yakiwa bado yanavuma kwa upepo wa barabarani. Safari yenyewe ilikuwa imeanzia mbali, Lodwar, ambako nilikuwa nikichaji betri za watu na kuziharibu redio zao kwa moyo safi kabisa. Nilitoka huko nikiwa juu ya lori lililopeleka mahindi na kurudi tupu. Siku mbili. Joto la tambarare, halafu ghafla baridi ya Kapenguria iliyonifanya nijifunike gunia. Nilikaa kwetu Kibomet siku mbili tu. Mama aliniuliza, "Si ukae hata wiki?" Miguu yangu haijawahi kunipa nafasi ya kujibu swali hilo.

Basi nikachukua baiskeli: Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele. Mlima Elgon ulikuwa mkono wangu wa kulia, umelala chini ya mawingu yake kama mtu asiyetaka kuamshwa. Nilikuwa namtafuta mzee ambaye sikuwahi kumwona. Dereva mmoja kule Lodwar alikuwa na amplifaya, kikuza sauti cha boksi la mbao, na kitu kilichonishangaza si muziki wake. Wimbo ulipokwisha, spika ilinyamaza kabisa, bila mvumo, bila mkwaruzo, mpaka ukasikia watu wakipumua. Nilimuuliza imetoka wapi. "Iliundwa Bungoma," akasema, "na mzee anaitwa Simiyu." Tangu hapo sikulala vizuri.

Fundi Simiyu alinipokea kama mtu aliyekuwa akinitarajia, au labda hakujali. Kibanda chake kilikuwa na dirisha moja kubwa, na chini ya dirisha meza. Juu ya meza kulikuwa na chuma cha kulehemia, koleo mbili, kibano, lenzi ya kukuzia vitu, mswaki mzee, na makopo ya maziwa yaliyojaa vipuri alivyong'oa kwenye redio zilizokufa: transista, kapasita, rezista za mistari ya rangi. Hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi tuling'oa vipuri, mchana tukapanga, na jua lilipoingia dirishani moshi wa risasi ya kulehemia ulipanda polepole kama uvumba. Hata leo nikifumba macho nauona.

Alikuwa na desturi moja aliyoifuata kama sala. Bodi, kile kibao kinachobeba vipuri, ikishalehemiwa inabaki na uchafu wa kahawia kuzunguka miguu ya vipuri. Alikuwa akiiosha kwa spiriti ya duka la dawa, akisugua kwa mswaki mara mbili, kisha anailaza juani juu ya bati siku nzima. Baadaye anaiunganisha na betri bila muziki wowote, anaweka sikio kwenye spika, na kusikiliza. Mara ya kwanza nilimuuliza anasikiliza nini.

"Kimya," alisema. "Kama kimya chake ni chafu, hata wimbo utakuwa mchafu."

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara. Mwezi wa Agosti njia zote zililia kengele za watoto wanaoalika jamaa zao. Ndipo akaja Mzee Wanyonyi, mpiga litungu, kile kinubi cha kienyeji, ambaye, niliambiwa, zamani sauti yake ilivuka mto. Aliugua koo, sauti ikabaki mnong'ono. Mjukuu wake wa kwanza angetahiriwa, na kuna wimbo ambao yeye aliimbiwa na babu yake siku ya kuamkia kisu. Alitaka mjukuu ausikie, licha ya kelele zote za wageni.

"Simiyu," alinong'ona, "tulitahiriwa pamoja. Usiniaibishe."

"Nikikuaibisha, uniite mtoto," Simiyu akajibu, na wakacheka wote wawili.

Tuliunda amplifaya ndogo ya kutumia betri ya gari. Kwenye litungu tulibandika kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya saa ya kengele; ukikiunganisha kinyume, badala ya kulia kinasikiliza. Kingine kama hicho tulimtengenezea mzee cha kuvaa kooni, kiushike mnong'ono wake. Kazi ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Kilichobaki kilikuwa kuosha tu. Siku hiyo Simiyu alikwenda mazishini Webuye, akaniachia bodi.

Chupa ya spiriti ilikuwa imebaki matone. Ilikuwa Jumapili, duka la dawa limefungwa. Nilijua mwenye duka anakaa wapi. Ningetembea nusu saa nikabisha mlango. Lakini nyuma ya kibanda alikaa Mama Nekesa, aliyeuza chang'aa, pombe kali ya kupikwa nyumbani, na vijana wa Matisi, jirani na kwetu, walikuwa wamenionyesha zamani kwamba chang'aa husafisha vichwa vya kaseti. Nilinunua kidogo, nikamimina kwenye kijiko, nikawasha kibiriti. Ikawaka bluu. Nikajiambia, si hii ni spiriti tu, bana? Nikaosha. Bodi iling'aa. Jua lilikuwa kali, nikaianika saa mbili nikaona inatosha.

Simiyu aliporudi aliigeuza mkononi.

"Umeosha na ile spiriti?"

"Ndiyo, mzee."

"Mara mbili?"

"Mara tatu."

Akasikiliza kimya chake. Kilikuwa safi. Kesho yake asubuhi tukaipeleka.

Mwanangu, chang'aa ina maji, na ina mabaki mengine ambayo hata mpishi wake hayajui. Maji yalikauka kwa jua, mabaki yakabaki chini ya vipuri, utando usioonekana. Mchana ule mvua nyepesi ilinyesha, unyevu ukatanda, na utando ukaunywa. Mzee Wanyonyi alikuwa ameanza. Nyuzi zililia wazi, na mnong'ono wake ukapita juu ya vichwa vya watu kama mtu anayekusemesha sikioni. Uwanja wote ulitulia. Mtoto alikuwa amesimama na kengele zake, hatikisi hata kidole. Sijasikia kitu kizuri kama kile tena.

Halafu mkwaruzo. Kidogo kwanza, kisha mwingi, kisha ngurumo.

"Ati huu ni muziki ama ni chapati inakaangwa?" kijana mmoja akapaza sauti, watu wakaangua kicheko. "Zima hiyo kitu!" Mwingine akasema, bila kujificha, "Simiyu amezeeka. Siku hizi haoni."

Simiyu alizima. Mzee Wanyonyi hakuacha kuimba. Niliona midomo yake ikienda hadi mwisho wa wimbo, na nikaona mtoto akiinamisha kichwa akijaribu kusikia. Ngoma za vijana zilikuwa zimeanza tena. Hakusikia. Mimi nilisimama kando ya betri, nimefunga mdomo.

Siku tatu nilinyamaza. Siku ya tatu nikamkuta Simiyu akifunga vyombo vyake kwenye kitambaa, kimoja kimoja: koleo, kibano, lenzi.

"Ni macho," akasema kwa upole. "Kuna mahali nilichoma vibaya na sikuona. Nitauza tochi na betri. Inatosha."

Alikuwa akishika chuma cha kulehemia jinsi mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa. Nilisikia kinywa changu kikisema, "Mzee, si macho yako."

Aliifungua bodi, akainusa, akaniangalia. "Chang'aa?"

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Ya Mama Nekesa."

Akacheka, nisidanganye, akacheka kweli. "Hata walevi wanalia kwamba ya huyo ni maji!" Kisha kicheko kikamwisha usoni. "Siku tatu, Kamau. Siku tatu umeniacha nijione kipofu. Kesho tunaenda kwa Wanyonyi. Mimi nitabeba boksi. Wewe utabeba mdomo."

Tulikwenda. Amplifaya ilikuwa imeoshwa upya, na kimya chake kilikuwa kimya kweli. Nilisema yote mbele ya Mzee Wanyonyi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akalisogeza boksi kando kwa mguu, bila hasira.

"Ule wimbo ni wa kumsindikiza mtoto kwenye kisu," alinong'ona. "Ameshakwenda. Nikiimba leo nitamwimbia nani?"

Hakuniadhibu kwa neno lingine. Hakukuwa na haja.

Simiyu alifungua kitambaa chake siku iyo hiyo, akarudi mezani. Kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Nami nilikaa miezi mingine mitano nikiosha kila bodi iliyopita pale, hata zile ambazo hazikuwa kazi yangu. Asubuhi moja ya Januari nikamwambia nakwenda. Hakuuliza wapi. Alisema, "Ukiharibu kazi ya mtu huko uendako, sema siku hiyo hiyo," akainamia bodi yake. Nilipanda baiskeli nikashika barabara ya Chwele, mlima sasa ukiwa kushoto, na sikurudi tena kuishi Bungoma.

Sasa nina miaka arobaini na kitu, si mzee wa fimbo, lakini nimezunguka vya kutosha kukuambia haya. Osha hata mahali ambapo hakuna atakayefungua kutazama. Nusu saa ya kutembea isikushinde ukakosesha mtu kitu kisichorudi. Na ukikosea, usimwache mwingine alale akidhani kosa ni lake. Sema mapema, kabla hajaanza kufunga vyombo vyake. Bodi huoshwa upya. Siku ya mtoto yule haikuoshwa upya.

Mungu akupe mikono mitulivu, mwanangu, na mdomo usiochelewa. Na popote miguu yako itakapokupeleka, ukute mtu wa kukufundisha, na umwache akiwa bado anayaamini macho yake.