Kamba ya Mahindi

Soya niliipanda kwa kamba ya mahindi, na nilijua ninachofanya. Bwana shamba alikuwa amekuja kwetu Kituntu akatufundisha kwamba mistari ya soya ikaribiane, ili majani yakutane mapema, yafunike udongo na magugu yakose jua. Ukiipanua, alisema, utapalilia mpaka uchoke. Nilimsikia vizuri. Nikarudi nyumbani, nikachukua kamba yangu yenye mafundo ya nafasi ya mahindi, ambayo ni pana karibu mara mbili, nikaenda nayo shambani.

Hesabu yangu ilikuwa fupi. Mistari michache, mbegu chache, na mbegu ya soya inanunuliwa. Palizi hainunuliwi. Palizi alikuwa mke wangu.

Alisimama pale rweya, kwenye uwanda wa nyasi nje ya kibanja chetu cha migomba, akauliza kwa nini mistari inaachana hivi. Nikamwambia jembe lake litapita bila kukwaruza miche, anapaswa kunishukuru. Akainama akaanza kufukia mbegu.

Soya ikaota, ikasimama kila mstari peke yake, kama majirani waliogombana. Katikati ikaingia lumbugu, ile nyasi ambayo ukikata mzizi mmoja unaacha mitatu. Mke wangu alikuwa akianza na umande. Akifika chini ya shamba, kule juu alikoanzia kumeshakuwa kijani. Majani hayakukutana.

Alikuwa kwenye palizi ya pili simu ilipopigwa kutoka Nkwenda, kule Kyerwa. Mama yake alikuwa kitandani, hali chakula, anamtaka binti yake. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya wakiwa na ombi kubwa.

"Baba watoto, naomba niende nimwone mama."

"Maliza shamba kwanza."

Sikupaza sauti. Nilikuwa nakunywa chai. Nikamtania kwamba mama mkwe huwa anaugua kila msimu wa palizi, nikacheka peke yangu. Jumapili baada ya ibada akaomba tena, nikamjibu vilevile. Kaka yake akapiga simu kusema mgonjwa kila asubuhi anauliza kama amefika. Mke wangu alinipa simu nisikie mwenyewe. Nikamwambia shemeji yangu tuko njiani, huku namwonyesha mke wangu jembe kwa kidole.

Mama mkwe akafa kabla shamba halijaisha.

Hapo ndipo nilipotoa nauli, haraka, nisionekane mbaya. Nilivaa koti, nikaenda kuzika, nikapewa kiti cha mkwe, nikala vizuri. Kesho yake nikarudi, kwa sababu lumbugu haina msiba. Mke wangu alibaki matangani, na kwetu mfiwa hashiki jembe mpaka matanga yaanuliwe. Nikatazama shamba, nikaona soya inazama. Kushika jembe mimi mwenyewe hata hakukunijia akilini.

Nikaita wanawake wanne wa jirani nikawalipa. Walimaliza. Malipo yao yalizidi kwa mbali bei ya mbegu nilizobana, na nasema kweli, hicho ndicho kilichoniuma wakati ule. Wahenga walisema mali ya bahili huliwa na dudu, na mimi nilijiona nimeliwa. Nilikasirika siku nzima, nikimlaumu marehemu kwa kuchagua wiki mbaya.

Mke wangu alirudi amenyolewa kichwa. Akanisalimu, akaweka mfuko wake chini, akaenda moja kwa moja shambani. Nilidhani atafurahi kukuta kazi imefanyika. Alikaa huko kitambo, kisha akarudi akasimama mlangoni. Akauliza nani waliopalilia. Nikawataja wote wanne, kwa majivuno kidogo, maana nilikuwa nimegharimika.

"Walichukua siku ngapi?"

"Mbili."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakulia. Heri angelia, ningejua la kumwambia.

"Wanawake wanne, siku mbili," akasema. "Mama alinisubiri siku kumi na moja."