Sinia la Stamata

Evanthia alilisoma jiwe jipya la mashujaa pale uwanjani, jina baada ya jina, kisha akarudia kutoka juu. Jina la mdogo wake Stamata halikuwamo.

"Jiwe ni la wapiganaji, Bi Evanthia," alisema Loukas, mwenyekiti wa kijiji. "Nyinyi mlikuwa mnapika tu."

Mnapika! Ndiyo, walipika. Wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wakimsaka ndugu yao Thrasos, aliyejificha milimani na wenzake, dada hawa wawili walitangaza kwamba amefariki. Wakavaa nyeusi, wakaangua vilio, wakamchemshia ngano ya kuombea wafu naye mzima wa afya, jambo ambalo hakuna mwanamke wa milima ile angelithubutu, kwa kuwa ni kumwitia mtu kifo. Kila ilipofika siku ya kumkumbuka marehemu, mmoja wao alipanda makaburini na sinia: juu ngano na zabibu kavu, chini risasi za Thrasos na wenzake. Askari wa Kijerumani kwenye kizuizi cha barabarani waliona kinyaa kugusa chakula cha maiti. Mpaka siku ile askari mmoja alipokichokonoa kwa kisu, na aliyebeba sinia alikuwa Stamata. Walimuua palepale barabarani, wakakataza asisomewe hata dua.

Vita vilipokwisha Thrasos alishuka na ndevu zake, akavishwa nishani. Habari za sinia hakuzitaja hata siku moja. Mwanamume mzima!

Sasa alikuja jikoni kwa Evanthia, kofia mkononi.

"Dada, Jumapili jiwe linazinduliwa. Mkuu wa mkoa anakuja. Tupikie ngano."

"Jina la Stamata liko wapi?"

"Usianze tena, dada. Nilijaribu kuwaambia..."

"Ulijaribu! Kula risasi zake ulijua, kumtaja ndiyo ulimi unaingia ganzi?"

"Risasi haziliwi, dada."

"Toka jikoni kwangu! Ngano nitapika."

Kijijini hapo ibada ya wafu haifanyiki bila ngano, na padri husoma jina la yule aliyepikiwa. Jumapili bendera zilipepea, tarumbeta zikalia, mkuu wa mkoa akakaa mbele na tai yake. Evanthia akaweka sinia mezani. Juu ya sukari nyeupe alikuwa amepanga lozi, na lozi ziliandika jina moja tu.

Loukas aliiva uso. "Na ya mashujaa iko wapi?"

"Wakapikiwe na wapiganaji."

Padri Lambros, ambaye miaka ile alikatazwa kumzika binti huyo, alilitazama sinia. Kisha akawasha mshumaa. "Stamata," akaimba, na wanawake nyuma wakaitikia kwa sauti iliyowatetemesha hata wapiga tarumbeta.

Mkuu wa mkoa akamwinamia Thrasos, akamwuliza huyo Stamata alikuwa nani. Watu wote walikuwa wanamtazama Thrasos, ikambidi aseme habari za sinia.