Mlango wa Mbele wa Dymphna

Kule Tipperary nyumba za mashambani zina milango miwili, na watu hupita mmoja tu, ule wa nyuma. Wa mbele hupakwa rangi ukaachwa hivyo hivyo, ukimngoja padri au jeneza. Wa Dymphna Looby alikuwa ameutia mumewe, Malachy, kwa mikono yake, na akakosea, ukawa unafungukia nje. Majirani walimcheka mpaka siku walipokuja kulibeba jeneza lake. Tangu siku hiyo haukufunguliwa tena. Mvua iliuvimbisha, ukashika fremu yake kama kidonda kilichofunga.

Nyuma yake kulikuwa na ujia mwembamba, na Dymphna alipanga humo magunia ya chakula cha mbwa pande zote mbili hadi kifuani. Mtu akitaka kupita alijibana tumbo kwanza.

Mbwa wenyewe walikuwa wa mbio. Hao hukimbizwa viwanjani wangali vijana, watu wakiwachezea kamari. Mguu ukiteguka au pumzi ikipungua, mwenye mbwa hana haja naye tena. Malachy naye alikuwa akiwafuga kwa ajili ya mbio, na alipokufa alibaki mbwa mmoja bandani. Dymphna akamwingiza ndani. Habari zikaenea, watu wakaanza kumfungia mbwa wao wazee getini na kuondoka bila kubisha hodi. Sasa nyumba ilikuwa ya wazee wa miguu mirefu, wenye meno mabovu na sugu za nyayo. Kila kochi lilikuwa na mgonjwa wake. Huyu hupewa dawa ya moyo kabla hajala, yule akishakula. Huyu asiposuguliwa mgongo asubuhi haamki. Dymphna hakuwa amelala nje ya nyumba hiyo hata siku moja tangu awe mjane. Zamani akiulizwa alisema ni huruma. Siku hizi alisimama dirishani, mikono imelowa, akiangalia barabara.

Basi asubuhi moja ya mvua simu ikalia. Dada yake mkubwa, Assumpta, alikuwa amelazwa hospitalini Galway, mwendo wa saa mbili kwa gari, mapafu yamechoka. Muuguzi akasema kwa upole, "Mama, ukitaka kumkuta bado anakutambua, njoo leo."

Hakuwa na wa kumwachia mbwa ila Mossie Kinnane, jirani yake. Huyu Mossie alizeekea uwanjani, kazi yake kuwasukumiza mbwa ndani ya visanduku vya kuanzia mbio. Watu wa huko huviita mitego. Mbwa huingizwa kwa nyuma, nyuma pakafungwa, kisha kifuniko cha mbele huruka juu na mbwa hutoka mbio. Ndiyo maana Dymphna alimtilia shaka.

Mossie akaja amevaa koti refu jeupe.

"Umekuja kuchinja nani?" Dymphna akauliza.

"Nisichafuke, jirani. Koti langu la kazi hili. Bado lanitosha, ona."

"Vifungo havifiki, Mossie."

"Vifungo ndivyo vilivyosinyaa. Mimi ni yule yule."

Walikuwa bado wanacheka. Lakini uwanjani kila anayemshika mbwa kumpeleka mtegoni huvaa koti jeupe, na Rua, jike mkongwe kuliko wote, alikuwa amelala kando ya jiko akiangalia. Akainuka peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Akapita kati yao, akaingia ujiani mpaka pua yake ikagusa mlango wa mbele. Akasimama hapo, kichwa ameinamisha, mapaja yanatetemeka.

"Rua! Rudi, mama, rudi."

Wapi! Dymphna akamshika kiunoni amvute. Mguu ukateleza, mbwa akalia kilio cha kukata maini.

"Mwache, utamvunja nyonga!" Mossie akasema. "Mtegoni hawarudi kinyumenyume. Nani aliwafundisha? Wanajua kutoka mbele tu."

"Basi vua hilo koti lako la balaa!"

Akalivua. Rua hata hakugeuka.

"Tuondoe magunia?" Dymphna akauliza.

"Yatamwangukia. Fungua mlango, Dymphna."

"Huo haufunguki."

"Umejaribu?"

Dymphna akakaa juu ya gunia, nyuma ya mbwa. "Huo ukifunguliwa, mtu hutoka amelala. Dada yangu anahesabiwa pumzi, nawe waniambia nifungue mlango wa jeneza?"

"Na usipofungua?"

"Nitabaki naye hapa."

Alisema upesi mno, mwenyewe akajisikia. Tangu simu ikatike alikuwa akitafuta sababu, na sababu hii hapa, ina miguu minne. Nani angemlaumu? Magunia yalimbana mabega huku na huku, na kwa kitambo akaona raha, raha ya mtu aliyefungiwa na ufunguo ukapotea. Mbele ya uso wake mapaja ya Rua yaliendelea kutetemeka.

"Hivi atasimama mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka aanguke," Mossie akajibu. "Mbele pasipofunguka, huyu hana pengine."

Dymphna akainuka kwenye gunia. Kisha akaenda jikoni, akautoa ufunguo kwenye msumari chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akavaa mabuti ya mpira, akazunguka nje mvuani. Mossie akamfuata na mtaimbo wa bandani. Ufunguo ulizunguka kwa shida. Wakavuta, wakasukuma, wakatukana kidogo, na Mossie akamtukana marehemu Malachy kwa ufundi wake. Mara mlango ukaachia kwa kishindo.

Rua akatoka. Alikimbia mbio za bibi kizee, sehemu ya nyuma ikiyumba, mpaka getini penye gari la Dymphna. Akatafuta sungura wa bandia, yule ambaye mbwa humkimbiza uwanjani, hakumwona. Akachuchumaa akakojoa, akatazama huku na huku kama anayeuliza nani wa pili.

Dymphna akageuka kuingia ndani.

"Wapi tena?"

"Viatu. Na vidonge sijakuelekeza, yule mweusi asipo..."

Mossie akasimama mlangoni, mikono ameitanua. "Vimeandikwa kwenye chupa, na kusoma najua. Ukiingia humu hutoki, jirani. Nenda!"

Ufunguo wa gari ulikuwa garini, kama kawaida ya kule. Akaondoka.

Kitandani hospitalini Assumpta alifungua jicho moja, likashuka polepole mpaka kwenye mabuti ya mdogo wake.

"Umekuja kuniona au kukamua ng'ombe?"

"Mbwa walinichelewesha, dada."

"Wamekuchelewesha miaka. Umetokaje leo?"

"Kwa mlango wa mbele."

Pumzi ya Assumpta ikakwaruza. "Ule wa Malachy? Ukiwa wima?"

"Nikiwa wima."

"Haya." Akausogeza mkono wake juu ya shuka ili ushikwe. "Kaa, basi. Lakini hayo mabuti yaache nje."