Mama Alipotusikia Akiwa Bombani

Mama yetu alianza kupoteza usikivu polepole, na kwa muda mrefu alituficha jambo hilo. Anauza mboga Kawangware, nje tu ya ploti ya vyumba vya kupanga anamokaa. Wateja wakiitisha sukuma, anawakatia spinachi. Wengine walicheka, wengine wakaanza kumpigia kelele, na kelele ndizo zilizomuudhi zaidi. "Mimi si mbuzi," aliniambia.

Mimi nashona nguo Makina, Kibera. Mwanamke mwenye duka la simu kando ya kibanda changu alinionyesha earphone ndogo zisizo na waya, akanieleza zinavyofanya kazi. Unaweka simu karibu na anayeongea, inanasa sauti yake, inaiongeza nguvu, halafu inairusha kwa Bluetooth hadi masikioni mwa aliyezivaa.

"Lakini haifiki mbali," akasema. "Akitoka tu nje ya ploti, inakatika."

Nilizinunua, na Jumapili nikampelekea Mama. Dada yangu mkubwa alikuwa amekuja pia. Tulimvisha, tukaweka simu yake mezani, nami nikauliza kwa sauti yangu ya kawaida, "Mama, chai iko tayari?"

 Alinigeukia.

"Kumbe sauti yako imekuwa nzito hivyo," akasema. "Kama ya baba yako."

Dada yangu akageuka kuangalia dirishani, nami nikajifanya natafuta sukari.

Baada ya chai, Mama alijifunga leso kichwani, akabeba vyombo kwenda kuviosha bombani, uani. Simu ilibaki pale pale kando ya thermos. Hakuna aliyeiwazia.

"Mama hawezi kuendelea kukaa hapa peke yake," nikamwambia dada yangu. "Mtu akibisha hodi, hasikii. Kwetu Makina kuna chumba kiko wazi. Afunge hicho kibanda, aje akae karibu na mimi."

Dada yangu alinijibu vikali, tukabishana kidogo, kisha tukaachana na hayo. Mama alikawia. Aliporudi hakuwa na kikombe hata kimoja, na alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Kibanda sifungi," akasema.

Tulitazamana. Ndipo akaisogeza leso, tukaona earphone bado ziko masikioni.

"Nilikuwa naosha sufuria, nikawasikia kama mmesimama begani kwangu. Nimetoka nikaenda kukaa kibandani kwangu, kabla sijawarushia hiyo sufuria."

"Ulipotoka geti sauti ilikatika?" nikauliza.

"Ilikatika. Kwani mlisema nini kingine?"

"Mimi nilimwambia akikifunga hicho kibanda, nitakuja kukifungua mwenyewe," dada yangu akasema.

Mama alicheka mpaka akakaa kitandani. Nami nikacheka, ingawa kichekesho kilikuwa mimi. Tulikubaliana abaki kwake, na kwamba jirani wa mlango wa pili apewe ufunguo. Vyombo nikaenda kuviosha mimi.

Siku hizi simu hukaa kibandani katikati ya mafungu ya nyanya, na wateja huongea naye kama mtu.

Mama alikuja Makina baadaye, kutembea tu. Mwenye nyumba wangu, nyanya wa Kinubi aliyezaliwa pale pale, alimkaribisha kwa pilau na chai ya tangawizi. Yeye pia hasikii vizuri. Mwanzoni walipigiana kelele tu, kila mmoja akijibu swali ambalo hakuulizwa. Mama akachomoa earphone moja, akaifuta na kumpachika mwenzake, kisha akaweka simu katikati yao kwenye mkeka.

"Sasa sema," akamwambia.

"Nilikuwa nakuuliza," nyanya akasema taratibu, "huyu kijana wako ataoa lini?"

"Hata mimi sijui. Tuketi tulizungumze."

Walilizungumza mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilikuwa mlangoni napinda suruali ya mteja, nikiwasikia neno kwa neno, na hakuna aliyeniuliza maoni yangu.